Breki za Ghorofa

Gereji ile ilikuwa na sheria moja tu, na sheria hiyo hata walevi waliiheshimu. Gari likiingia kwa kazi ya breki, jambo la kwanza fundi alichomoa usukani akautundika ukutani, kwenye msumari mnene juu ya meza ya spana. Usukani ukiwa ukutani, gari halijaisha, na hapo hakuna cha mwenye mali wala cha mwenye haraka. Usukani ukirudi mahali pake, gari tayari. Ufunguo uko kwenye droo, chukua chako uende. Nani aliianzisha sheria hiyo, hakuna aliyekumbuka. Mafundi walikuwa wamechoka kubishana na watu wanaotaka gari "hivyo hivyo tu, nifike nyumbani," na tangu usukani uanze kupanda ukutani ubishi uliisha.

Kwa hiyo lori la shemeji yake lilipoingia, Kobe naye aliuchomoa usukani bila kumtazama mtu usoni. Jina la Kobe alipewa kwa ajili ya mwendo wake wa kazi. Mwenzake akiwa amefunga nati nne, yeye bado anaipangusa ya kwanza, anaigeuza, anainusa, anaipangusa tena. Wateja walimtania, wakamnung'unikia, wakaapa hawarudi, na mwezi uliofuata walikuwa wamerudi.

Lori lenyewe watu wa mtaani walilibatiza Ghorofa. Zamani lilikuwa lori la kawaida la kubeba mawe. Kisha mvua zikaiharibu njia ya machimboni, likawa linakwama kwenye tope kila wiki, mpaka mwenyewe akasema liwalo na liwe: akaliinua bodi, akalivalisha matairi ya lori kubwa kuliko hilo, meusi, mapana, yenye meno ya kutisha. Tangu hapo tope likawa mchezo. Lilipopita barabarani, madirisha ya maduka yalitetemeka, na yeye huko juu alipunga mkono kama mgombea. Kutazamwa alikupenda, wala hakujificha. Lakini alikuwa mume mwema kwa mdogo wake Kobe, mkewe halali njaa na wanawe hawamkimbii, na shemeji wa namna hiyo ni wa kuombewa maisha marefu.

Shida ya Ghorofa ilikuwa kusimama. Kukimbia lilikimbia, kupanda lilipanda, ila ukikanyaga breki lilifikiri kwanza. Asubuhi moja lilipitiliza njia panda na kuisukuma meza ya muuza mboga hadi mtaroni. Mama wa watu alikuwa ameinuka kwenda kuchota maji. Angekuwa ameketi, habari ingekuwa nyingine. Siku hiyo hiyo mdogo wake Kobe alikuja gereji na mtoto mgongoni, akasimama katikati ya vyuma kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

"Kaka, mume wangu hanisikii," alisema. "Mimi nikisema matairi, yeye anasema tope. Wewe atakusikia. Sitaki kuwa mjane kwa ajili ya matairi."

"Nitaongea naye."

"Usiongee naye. Mfungie breki zinazoshika. Kuongea ameshaongeleshwa sana."

Kobe aliongea naye hata hivyo. Alimwambia ayatoe matairi, arudishe yale ya zamani. Shemeji akacheka, akaupiga mpira wa tairi kofi kama anayemsifu ng'ombe wake.

"Nikiyatoa haya, kwenye tope atanitoa nani? Wewe na mwendo wako huo? Si nitaota mizizi?"

"Sikiliza, shemeji. Ukizuia mlango kwa kushika huku kwenye kitasa, unazuilika. Ukishika kule karibu na bawaba, mtoto mdogo atakusukuma. Tairi likikua, breki yako inakuwa imeshika karibu na bawaba. Tairi limekuwa mtu mzima, breki imebaki mtoto."

"Basi mlishe huyo mtoto akue. Si ndiyo kazi yako?"

Hakuna aliyeweza kushindana na mdomo ule. Kobe akakubali, na tangu siku hiyo akalibeba lile jambo moyoni kama deni la damu. Alitafuta diski kubwa za mbele na mashine zake za kubana, za lori zito, akazikagua moja moja kwenye jua. Akabadilisha pampu ya mafuta ya breki kwa kubwa zaidi, maana ndogo ingeshindwa kuzisukuma zile mpya. Akazisugua diski mpya kwa petroli mpaka grisi yote ya dukani ikatoka. Mabomba ya mpira yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu akayarefusha, kwa kuwa bodi ilikuwa imeinuliwa na yale ya zamani yalikuwa yamevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Nyuma ndiko kulikokuwa na ujanja. Chini ya tumbo la lori, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu yenye mkono wa chuma. Mzigo ukilala juu ya lori, bodi hushuka, mkono huinuka, na valvu hufungua mafuta mengi yaende kwenye breki za nyuma. Lori likiwa tupu, mkono hushuka na valvu hubana, ili magurudumu ya nyuma yasigande yakaanza kuteleza. Sasa bodi ya Ghorofa ilikuwa imeinuliwa; mkono ulining'inia chini siku zote. Hata ulipakie mlima, valvu ile iliamini lori ni tupu, na breki za nyuma zilipewa mafuta ya kuonja tu. Shemeji alikuwa ameshusha mawe mlimani miezi yote hiyo kwa breki za mbele peke yake, na kwa Mungu.

Dawa yake ilikuwa kipande cha chuma cha kuushikiza ule mkono juu zaidi, na kazi hiyo ilikuwa ya Cheche, fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara. Kulibaki pia waya wa breki ya mkono, ambao Kobe alikuwa ameufungua ili aurefushe. Mambo mawili tu. Vya mbele vilikuwa vimekamilika, vinang'aa, na Kobe mwenyewe alipovitazama alijisikia vizuri, hisia ambayo hakuizoea.

Siku ile, kabla ya adhuhuri, alitaka kuhakikisha jambo moja. Tairi kubwa likikatishwa kona hadi mwisho huweza kuligusa bomba la mafuta, likalisugua kidogo kidogo mpaka likatoboka. Hilo hulioni tairi likiwa limenyooka, na bila usukani huwezi kulikunja. Kwa hiyo aliuteremsha usukani ukutani, akaurudisha mahali pake, akakaza nati, akapanda juu, akakata kushoto hadi mwisho, akashuka kuchungulia, akapanda tena, akakata kulia. Kidole chake kilipita kati ya tairi na bomba bila kugusa. Safi.

Alikuwa bado amechuchumaa pale Cheche alipopiga mluzi kutoka ng'ambo.

"Kobe! Njoo upime chuma chako kabla sijakizika!"

Aliuangalia usukani. Kuuchomoa tena ilikuwa kazi ya kufungua nati, kuutikisa na kuugonga, na chuma kilikuwa kinamsubiri. Nikirudi nitaukuta, aliwaza, kwani nani atakuja saa hizi? Yeye ambaye hata nati aliinusa, siku ile alikuwa na haraka. Akavuka barabara huku anapangusa mikono.

Chuma cha Cheche kilikuwa kifupi.

"Si chuma kifupi," Cheche alijitetea, "ni lori lenu refu. Waambieni walipunguze miguu."

"Wewe ulipima kwa nini, kwa njaa?"

"Nilipima kwa macho. Macho yangu hayajawahi kunidanganya."

"Macho ya mchomeleaji! Hayo yalishaungua zamani."

Wakacheka, wakakata kipande kingine. Msumeno wa umeme ulilia mpaka mtu hasikii hata mawazo yake. Na ng'ambo ya pili, kwenye kelele ile ile, shemeji aliingia gereji kwa miguu. Wajenzi walikuwa wakimsumbua tangu alfajiri, mawe yamekwisha, mafundi wao wamekaa. Alikuja kuuliza tu. Lakini alipoinua macho aliuona usukani uko mahali pake, na ukutani msumari mtupu. Alipiga makofi, akachukua ufunguo kwenye droo, akapanda. Fundi wa rejeta, jirani wa Kobe, alitoka naye kumwelekeza arudi nyuma bila kugonga nguzo, akasema kwa sauti, "Kobe kamaliza kabla ya siku yake! Dunia inakwisha!" Breki ya mkono shemeji hakuigusa, maana madereva wa mawe hawaitumii, wao huegesha kwa gia na jiwe. Aliacha salamu kwamba jioni angepitia kwa Kobe kumshukuru.

Kobe alirudi na chuma kimefungwa kwenye tambara, bado kina moto. Akakuta sakafu tupu.

"Lori liko wapi?"

"Shemeji yako kalichukua," fundi wa rejeta akajibu bila kuinua kichwa. "Lilivyotulia pale getini alipokanyaga breki, uwiii! Umefanya kazi, ndugu yangu."

"Nani kamruhusu?"

Hapo ndipo yule mtu alipoinua kichwa. "Si usukani ulikuwa umerudi?"

Kobe aliutazama msumari mtupu ukutani. Kile chuma kilikuwa kinamuunguza mkono kupitia tambara, na hakukiweka chini. Alipiga simu, haipatikani. Alipiga tena, haipatikani. Kule machimboni mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ukitaka kuongea unapanda juu ya kifusi. Lililomtisha zaidi ni kwamba lori tupu lingesimama vizuri. Breki zile mpya za mbele zingemshika shemeji kwa utamu ambao hajawahi kuujua, angezipenda, angezitegemea, angepakia mawe mpaka juu. Kisha angegeuza kichwa cha lori kutazama bondeni.

Cheche alikuwa ameshawasha pikipiki yake. Hakuuliza swali, kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha. Kobe akakaa nyuma, chuma mkononi, wakaondoka.

Njia ya machimboni inapanda kwa kona, upande mmoja ukingo wa udongo mwekundu, upande wa pili mteremko unaoishia kwenye nyumba za kwanza za mji. Pikipiki ilihema. Kobe alichungulia juu ya bega la mwenzake, akiomba alikute Ghorofa bado limeegeshwa chini ya kijiko cha kupakia, shemeji anakunywa maji kivulini. Angemfokea. Angemtukana hata. Wangecheka baadaye, nyumbani, na mdogo wake angewafokea wote wawili. Alikuwa anaomba hivyo aliposikia injini.

Ghorofa lilitokeza kwenye kona ya juu, limejaa mawe hadi ukingoni. Lilikuja polepole, injini ikiguna kwa gia ya chini kabisa, magurudumu yakijizungusha kama yanayohesabu. Shemeji alikuwa dereva wa mlimani, si wa sinema. Kwenye mteremko ule gia ndiyo iliyomshikia mzigo, breki aliigusa kwenye kona tu. Kobe aliyaona hayo yote na hakuyaona. Aliona mawe tu, na breki za nyuma ambazo hazipo. Aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, akakimbilia katikati ya njia, akainua mikono yote miwili.

"Simama! Shemeji, simama!"

Na shemeji alisimama. Watu wengine huwapita wakwe zao njiani kwa honi na vumbi, lakini yeye hakuwahi kumpita kaka wa mkewe bila kusimama, kushuka na kuuliza wa nyumbani hawajambo. Kobe alimwona akitabasamu nyuma ya kioo. Alimwona akimwonyesha dole gumba, akizisifu breki. Kisha akakanyaga klachi, akatoa gia, akakanyaga breki kwa nguvu.

Lori liliinamisha pua. Likapungua mwendo, likapungua, likawa karibu kusimama kabisa, na Kobe akasema alhamdulillahi kwa sauti. Kisha moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Breki mpya zilikuwa zimepata joto kwenye kona za juu, hazijazoeshwa, na sasa mlima mzima wa mawe uliziegemea zenyewe, nyuma hakuna anayesaidia. Pua ikainuka tena. Ghorofa likaanza kutembea.

Tabasamu la shemeji lilikuwa bado halijaisha usoni. Alikanyaga mara ya pili, ya tatu. Kobe aliona bega lake likishuka na kupanda. Alijaribu kurudisha gia, na gia ikalia kwa sauti ya chuma kinachosagana, ikakataa, kwa kuwa mwendo ulikuwa umekwisha kuizidi. Alivuta breki ya mkono, ikaja mkononi nyepesi. Cheche alimnyakua Kobe shati na kumvuta ukingoni, na lori likawapita karibu kiasi cha kuwapigia joto usoni.

Chini ya kona ile zilikuwepo nyumba, na mbele ya nyumba, watu. Shemeji aliziona. Alilikata lori upande wa kulia, akalielekeza kwenye ukingo wa udongo, makusudi, kama mtu anayeingiza gari lake nyumbani. Udongo ulilisimamisha. Mawe hayakusimama. Yalikuja mbele yote kwa pamoja, yakauvunja ukuta wa nyuma wa kabini.

Kobe alifika akiwa hana pumzi. Mlango ulikuwa umejikunja, hauwezi kufunguka, lakini dirisha lilikuwa wazi. Shemeji alikuwa hai. Mawe yalikuwa yamembana kutoka kifuani kwenda chini, uso wake mzima, una vumbi tu. Cheche alikuwa tayari anateremka mbio kuita watu na majeki. Kobe akaingiza mkono dirishani, akaushika mkono wa shemeji uliobaki juu ya usukani.

"Shemeji."

"Niko hapa. Wanakuja. Usiongee."

"Ulikuwa unaniitia nini?"

Kobe alitafuta neno jingine, neno lolote, akalikosa. "Lori lilikuwa halijaisha," alisema. "Breki za nyuma zilikuwa hazishiki. Nilitaka usishuke nalo."

Shemeji alilifikiria hilo. Alikuwa anapumua kwa vipande vipande.

"Gia ilikuwa imelishika," akasema. "Lilikuwa linashuka vizuri."

"Najua."

"Ungeniacha nipite tu, shemeji."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba amesahau kufunga mlango. Baada ya hapo aliomba maji, na maji yalipoletwa yalimlowesha midomo tu. Majeki yalifika, wanaume wakaja na mitaimbo, wakapiga kelele za kuelekezana. Kobe hakuutoa mkono wake dirishani mpaka mtu mmoja alipomgusa bega na kumwambia kwa upole kwamba sasa hakuna haja.

Alasiri, nyumba ya mdogo wake ilikuwa imejaa. Viti vya majirani vilipangwa nje. Ndani wanawake walikaa kwenye mikeka. Habari ilikuwa imekwisha kupata mguu na mkono. Matairi ndiyo yaliyomuua, watu walisema. Alipenda makuu. Alionywa. Mzee mmoja wa upande wa marehemu alisema kijana wao alikuwa mbishi tangu utoto, akalichukua lori bovu kwa papara, na Kobe, masikini, alihatarisha roho yake kumkimbilia. Mpeni Kobe maji, mtu mwema huyu. Kobe aliyashika yale maji na hakuyanywa.

Mdogo wake alimwita ndani. Wanawake wakamsogezea nafasi, akaketi mkekani karibu naye. Macho ya mdogo wake yalikuwa yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa imetulia, nayo ndiyo iliyomtisha.

"Kaka, wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema, akamwekea mkono gotini. "Afadhali hakufa peke yake. Alisema nini? Watoto wataniuliza."

Mlangoni Cheche, ambaye kule mlimani alikuwa ameyaona yote, alimtazama Kobe na kutikisa kichwa: usiseme. Uongo ulikuwa hapo hapo, mwepesi, kila mtu alikuwa anausubiri kwa hamu. Alikutaja. Aliwataja watoto. Alisema muwe na subira. Ni nani angemlaumu? Lakini nje wazee walikuwa wanaendelea kumwita marehemu mbishi, na sauti zao zilipita dirishani, na Kobe hakuweza kuvumilia mtu aliyesimama kwa heshima aitwe mbishi.

Akamweleza. Polepole, kama alivyofanya kila kitu: kwamba mumewe hakuiba lori wala hakukaidi mtu, aliliona limekamilika kwa sababu yeye Kobe aliliacha linaonekana limekamilika. Kwamba alikuwa anashuka salama, kwa gia, kama dereva anavyopaswa kushuka. Kwamba ni yeye aliyemsimamisha.

"Na alisema," Kobe akamalizia, "ningemwacha apite tu."

Mkono wa mdogo wake ulikuwa bado uko gotini mwake. Ulikaa pale kitambo, na mwenyewe alimkazia macho kaka yake kama anayengoja maneno mengine yafuate, yatakayoyageuza haya. Hayakufuata. Akauondoa mkono, akavuta mtandio mpaka usoni, na kutoka chini ya nguo ile akawaambia wanawake wamtoe mtu huyu nje.